Siku Tuliyomwiba Bi Mwantumu

Mwaka wa kwanza pale Chuo cha Maafa tulikuwa wanafunzi themanini. Nafasi za Mkondo wa Sauti zilikuwa sita, na moja ilikuwa yangu. Nilijua tangu Jumatano. Kilichobaki ni kujaza fomu kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa, na kumaliza mtihani wa vitendo ambao niliuona kama kazi ya kukamilisha ratiba tu.

Mikondo yenyewe ilikuwa miwili. Sauti ni miaka miwili, kiti cha kuzunguka, chumba chenye kiyoyozi hapo Morogoro mjini, na ukihitimu unapangiwa Dodoma. Mitaa ni miaka minne, viatu vya mpira, kuzijua kaya za watu kama unavyojua vidole vyako, na ukihitimu unapangiwa popote penye tope. Waliochagua Mitaa tuliwaita vyura. Jina hilo nililianzisha mimi, na chuo kizima kikalipokea.

Asubuhi ile mama alinipigia kutoka Tabora kabla sijamaliza kuvaa.

"Nyamizi, umeshajaza hiyo fomu?"

"Jioni, mama. Bado mtihani."

"Jaza sasa. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Nikamcheka. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile inayomfanya mtu apande ngazi mbilimbili bila sababu. Saa mbili kamili nikakaa kwenye kiti cha kuzunguka na kuvaa visikilizi masikioni. Mkufunzi Ndeonasia alikuja kusimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Alikuwa mama mfupi wa Kichaga aliyekwisha simamia maporomoko matano maishani mwake, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

Mbele yangu ilitokea picha ya Lukwale, kitongoji kilichojibanza juu kwenye Milima ya Uluguru, watu mia nne na kumi na wawili. Tangu mvua zibadilike, kila mteremko wenye nyumba ulifukiwa visikizi, vijidude vidogo kama punje za mahindi vinavyosikia udongo ukisogea. Swali la mtihani lilikuwa jepesi: mlima umeanza kutembea, watoe watu.

Sikuwa nimegusa kitu picha ilipogeuka nyekundu.

"Mwalimu," nikasema, "swali limebadilika lenyewe."

Mkufunzi Ndeonasia aliinama, akatazama, akaweka kikombe chini.

"Hilo si swali tena," alisema. "Mlima wa Lukwale unatembea kweli. Una saa moja na dakika hamsini. Endelea."

"Mimi?"

"Nani amekaa kwenye kiti?"

Moyo wangu ulianza kupiga ngoma, na nakiri haikuwa ya hofu.

* * *

Watu wa nje walidhani Mwito ni king'ora. Ukiuliza barabarani, mtu atakuambia serikali inakutumia ujumbe wa hatari, basi. Ukweli tuliambiwa sisi sita peke yetu, baada ya kuapa mbele ya mwanasheria kwamba hatutausema kwa mtu yeyote, hata mume au mke.

Mwito haupigi kengele. Unapiga simu. Kila simu nchini, kwa miaka mitatu, ilikuwa imejifunza ni neno la nani linalomwinua mwenye simu hiyo. Huyo si lazima awe unayempenda. Ni yule ambaye akikuambia inuka, unajikuta umesimama. Hatari ikija, Mwito unakupigia kwa sauti ya mtu huyo, kwa lafudhi yake na kwa jina analokuitia, na unakuambia uende wapi. Mzee mwenye mke na watoto tisa aliitwa na mwalimu wake wa darasa la tatu. Mwenyekiti wa kitongoji aliitwa na shemeji yake. King'ora kilikuwa kikitoa watu arobaini katika mia. Mwito ulitoa tisini na tano.

Kazi ya mtu kwenye kiti ni moja tu. Mashine inapendekeza sauti, wewe unabonyeza Kubali. Sheria ilitaka kidole cha binadamu kiwepo.

Nilibonyeza. Sauti zilikuja kwa makundi na mimi nikazikubali kwa makundi, na kwenye picha vidoti vya watu vikaanza kutoka majumbani, vikaingia njiani, vikashuka kuelekea mgongo wa mlima ilipo shule ya msingi, mahali ambapo mwamba haujawahi kusogea. Hamsini. Mia na ishirini. Mia mbili. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nilitaka kusimama juu ya kiti nipige vigelegele.

Kisha ikaja nyumba moja yenye watu thelathini na mmoja. Mashine ikapendekeza sauti moja kwa wote, jambo ambalo hata kwenye mazoezi sikuwahi kuliona: Bi Mwantumu Pangawe, miaka themanini na mmoja. Uwezekano wa kutii, tisini na saba katika mia. Chini yake palikuwa na maandishi madogo ya njano. Usajili wa kifo: unasubiri.

Niliyasoma. Sitajificha nyuma ya haraka. Niliyasoma na nikayaelewa. Ila tisini na saba ni tisini na saba, na saa ilikuwa inakimbia, na nilikuwa nimenogewa. Nikabonyeza Kubali.

Baada ya dakika kumi na tano, watu mia tatu themanini na mmoja walikuwa njiani. Thelathini na mmoja hawakusogea hata hatua.

* * *

Redio ikakoroma. Alikuwa Maganga, Msukuma wa Shinyanga, mwaka wa nne Mitaa, chura mkuu. Alikuwa Lukwale kwa mafunzo yake ya mwisho. Maganga alizungumza polepole hata siku ya mbio, na siku zote nilitamani kumsukuma maneno yatoke.

"Kituo," alisema, "hapa pana msiba. Bi Mwantumu amefariki alfajiri. Wamekwisha muosha na kumkafini, walikuwa wanasubiri kwenda kuzika. Sasa simu zote humu ndani zimelia mara moja, na aliyepiga ni yeye."

Mkufunzi Ndeonasia alinitazama. Alikuwa ameyaona maandishi ya njano kwenye kumbukumbu za kiti.

"Amesema nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Amesema, 'Mwanaidi, inuka, chukua wote, shukeni shuleni sasa hivi.' Mwanaidi ni binti yake. Ndiye aliyemuosha. Sasa wamefungua sanda usoni, wamekaa wanamtazama. Mwanaidi kamshika miguu. Anasema mama ameita, hawezi kumwacha mtu anayeita. Shehe naye kaweka sikio kifuani kwa maiti, hajui aseme nini. Hakuna anayenisikiliza."

Furaha yote iliniporomoka hadi miguuni.

"Niwaambie ni mashine," nikasema.

"Hapana," alisema Mkufunzi. "Kwanza umeapa. Pili, ukiwaambia leo, watakaa hapo wabishane mpaka mlima uwafikie. Maganga, unahitaji nini? Nikupe helikopta?"

Maganga akasema neno ambalo sitalisahau.

"Helikopta siihitaji, Mwalimu. Nahitaji Mnyamwezi mmoja. Au Msukuma, yeyote aliye karibu. Mtani mmoja habebi jeneza."

Nilielewa hapo hapo. Kwa Waluguru, Wanyamwezi na Wasukuma ni watani. Na mtani msibani si mgeni. Huingia bila hodi, hutukana marehemu mbele ya wafiwa, hunyang'anya majembe, hulala kaburini akakataa kutoka, na hakuna wa kumkasirikia. Wafiwa waliopooza kwa huzuni humtii mtani wakati hawamtii hata shehe. Bibi yangu alizikwa hivyo kule Urambo, na nilicheka siku ile kuliko siku zote za utoto wangu.

"Mimi ni Mnyamwezi," nikasema.

Mkufunzi Ndeonasia alikwisha vua visikilizi masikioni mwangu na kuvivaa yeye. Akakaa kwenye kiti changu.

"Wewe ndiye uliyemwamsha," alisema. "Nenda kamlaze."

* * *

Kipanga, kindege cha chuo, hubeba mtu mmoja na huruka chenyewe. Nilivaa visikilizi vya akiba. Dakika kumi na moja kutoka uwanjani hadi Lukwale, na zote nilizitumia kukumbuka matusi ya bibi zangu. Chini niliona watu wakishuka njiani na mafurushi na mbuzi na televisheni. Kwenye mteremko wa juu, migomba ilikuwa imeanza kuinamia upande mmoja bila upepo.

Maganga alinipokea uani. Nyuma yake alisimama punda chuma, yule mbeba mizigo wa miguu minne anayetumika milimani, amekwisha fungwa machela mgongoni.

"Umechelewa, Mnyamwezi," alisema.

"Tulikuwa tunawangoja mfe wote ndio tuje," nikajibu, nikapita moja kwa moja mlangoni bila kuvua viatu.

Jeneza lilikuwa katikati ya chumba, kifuniko kimewekwa pembeni, watu wamelizunguka wakiwa wameshika simu zao mkononi kama watu wanaosubiri matokeo. Mwanaidi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mkavu wa macho. Mikono yake ilikuwa juu ya miguu ya mama yake, ndani ya sanda.

Nikajilazimisha.

"Nyie Waluguru!" nikapiga ukelele. "Tangu alfajiri hamjamzika huyu? Au mnangoja akapike?"

Vichwa thelathini na kimoja viligeuka.

"Wewe ni nani?" shehe aliuliza.

"Mimi ni Nyamizi binti Kasanda, Mnyamwezi wa Urambo, na yule pandikizi la mtu ni Msukuma. Tumekuja kumchukua mtu wetu. Huyu Mwantumu alikuwa akiogopa kushuka mlima miaka themanini, leo tunamshusha sisi."

Mama mmoja kwenye kona aliguna. Haikuwa kicheko bado, lakini ilikuwa sauti ya mtu aliye hai. Maganga akafunika jeneza na kushika upande wa kichwani. Mimi nikashika upande wa miguuni, nikaondoa mikono ya Mwanaidi kwa mikono yangu. Ilikuwa baridi kuliko nilivyotegemea.

"Mwanamke habebi jeneza," shehe alisema.

"Shehe, hapa mimi si mwanamke. Mimi ni mtani."

Akatupisha.

Tukanyanyua. Bi Mwantumu hakuwa mzito. Tukatoka naye mbiombio, tukamfunga juu ya punda chuma, na Maganga akambonyeza punda shingoni. Yule mnyama wa chuma asiyejua huzuni wala adabu akaanza kuteremka mchakamchaka.

"Wanyamwezi wamemwiba Bi Mwantumu!" yule mama wa kwenye kona alilia, na safari hii alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka.

Nyumba nzima ikamwagika nje. Walitufukuza. Wazee kwa mikongojo, kina mama wamekaza khanga, vijana wakitutupia magunzi ya mahindi kama inavyopasa kumtupia mtani mwizi. Nilikimbia mbele yao nikirudi kinyumenyume, nikiwatukana: kwamba miguu yao ni ya kuku, kwamba Unyamwezini tutamzika kwenye shamba la tumbaku, kwamba hata marehemu anawacheka. Niligongwa na gunzi jichoni. Sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile, ya kuwaona watu wakikimbilia uhai wao bila kujua.

Kilomita mbili. Mtu wa mwisho, babu aliyebebwa mgongoni na mjukuu wake wa kike, alifika uwanja wa shule zikiwa zimebaki dakika ishirini na moja.

Kisha mlima ukashuka. Sauti yake haikuwa kubwa kama nilivyodhani. Lukwale nzima ilisogea pamoja, migomba ikiwa bado imesimama, halafu hapakuwa na Lukwale. Hakuna aliyelia. Walianza kuhesabiana, na hesabu ikatimia.

* * *

Walimzika pale pale, ukingoni mwa uwanja wa shule, baada ya adhuhuri. Mtandao wa redio ulikuwa umejaa pongezi. Nilisikia jina langu likitamkwa na watu wa Dodoma.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya darasa nikijifuta tope Mwanaidi alipokuja. Alisimama mbele yangu, hakukaa.

"Wewe ni mtu wa Chuo cha Maafa."

"Ndiyo, mama."

"Basi umesoma. Nikuulize kitu." Alitazama viganja vyake. "Nimemuosha mimi. Nilimfunga kidevu mimi, nikamziba na pamba. Kisha akaniita kwa jina langu. Sasa niambie. Alikuwa hai nilipomziba?"

Mkufunzi Ndeonasia, aliyekuwa bado kwenye kiti, alisikia kupitia visikilizi vyangu. Sauti yake ilikuwa ile ile ya chini.

"Nyamizi, usijibu. Mwambie ni mambo ya Mungu. Watu mia tatu themanini na mmoja wako hai hapo kwa sababu hawajui. Ukisema, kesho nchi nzima itajua, na mlima mwingine ukianza kutembea hakuna atakayeamini simu. Hao watakaokufa utawahesabu?"

Alisema kweli. Ndilo lililonichoma. Kama angekuwa mtu mbaya ningefurahi kumkaidi. Alikuwa ameona watu wengi wamefukiwa kuliko mimi nilivyoona misiba, na hesabu zake zilikuwa sahihi. Mbele yangu alisimama mtu mmoja tu, ambaye angeishi miaka ishirini mingine akiamini kwamba alimziba pua mama yake akiwa anapumua.

Nikavua visikilizi.

"Alikuwa amekufa," nikasema. "Amekufa alfajiri kama ulivyomwona. Ulimuosha vizuri. Ile sauti ilitengenezwa na mashine, na aliyeiruhusu ni mimi. Nilijua amekufa, nikaruhusu."

Nilimweleza yote. Sikuacha maandishi ya njano. Nilitegemea kofi, na nililitaka.

Mwanaidi alikaa chini kwenye mchanga. Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Kisha akaanza kumlilia mama yake, kilio cha kawaida cha mtu aliyefiwa, na kina mama wakaja wakamzunguka. Aliponyanyua kichwa aliniambia neno moja.

"Na hawa wengine? Nenda ukawaambie."

Nikaenda. Kundi kwa kundi, uwanja mzima. Mama mmoja alitema mate karibu na mguu wangu, akasema tangu leo simu yake anaitupa mtoni. Nilijua huyo akifa kwenye mafuriko yajayo, nitamjibia kwa Mungu. Mzee mwingine, aliyeitwa na mwanawe aliye Arusha, alicheka tu.

"Nilijua si yeye," alisema. "Mwanangu hajawahi kunisalimia kwanza."

"Sasa mbona ulitoka, babu?"

"Nilimwona huyu kijana wenu Maganga anakimbia. Miezi mitatu yuko hapa, hajawahi kukimbia."

Nilisimama na neno hilo hadi mtu mwingine aliponishika bega kuniuliza maswali yake.

* * *

Saa tisa na nusu Mkufunzi Ndeonasia alikuja mwenyewe kwa kipanga. Viatu vyake vya ofisini vilizama topeni na hakuvitazama. Alikuwa na fomu yangu kwenye kibao.

"Nafasi ya Sauti umeipoteza," alisema. "Hilo si mimi, ni kiapo. Bodi itakaa Jumatatu kuamua kama ubaki chuoni. Nimewaandikia ubaki."

"Asante, Mwalimu."

"Usinishukuru, nimekasirika. Niambie, mlima ujao ukitembea na watu wasipokee simu, utafanya nini?"

Nilikuwa nimelifikiria hilo mchana kutwa, na jibu lilinitoka haraka kuliko adabu.

"Nataka wawe wananijua kabla haujatembea. Mlima huu, na ule, na ule kule. Nyumba kwa nyumba. Naomba miaka minne."

"Miaka minne, nyumba kwa nyumba, utafikia vitongoji vingapi?"

"Vichache."

"Vichache," alirudia. Akanipa kalamu. Nikaweka alama kwenye Mitaa kwa shauku, si kwa majuto. Maganga, aliyekuwa akimfuta punda chuma matope, akaniuliza polepole kama vyura wamepata mwenzao. Nikamwambia asinizoee.

Mwanaidi alitukuta hapo. Macho yake yalikuwa yamevimba vizuri, kama inavyotakiwa. Alimpita Mkufunzi bila salamu, akasimama mbele yangu.

"Mtani. Mama yako yu hai?"

"Yu hai. Yuko Tabora."

"Siku yake ikifika, niite. Nitakuja na Waluguru hawa wote, na tutamwiba." Akanikazia macho. "Lakini uniite mwenyewe. Kwa mdomo wako."

Nikamwahidi kwamba nitakwenda hadi mlangoni kwake.